Mizani nane

Luku ilikata saa nane kasoro usiku, binti akiwa na wiki tisa. Feni ikapunguza mwendo taratibu mpaka ikasimama, na yeye aliyekuwa amelala dakika kama kumi na tano tu baada ya kulia tangu saa tano, akafungua macho. Wenye watoto wachanga Dar es Salaam mnajua feni kusimama mwezi wa pili maana yake ni nini. Baba yake alikuwa zamu ya usiku kiwandani, mama yangu ameshaondoka kurudi Tanga, simu ina asilimia sita ya chaji, na ili ninunue umeme ilibidi nitumie hiyohiyo simu halafu nitoke nje nikabonyeze zile tarakimu ishirini kwenye mita, gizani, na mtoto ameshaanza kupandisha kilio. Nikamfunga mgongoni na kanga nikaanza kutembea.

Kutoka mlango wa chumbani hadi kwenye friji ni hatua sita, nimezihesabu usiku mwingi sana. Mbili za kugeukia, sita za kurudi. Naenda narudi huku nampigapiga kiunoni, na sijui nilianza saa ngapi lakini nikajikuta nasema maneno, kwa sauti ya chini, yanafuatana na miguu.

Umeme umekatika
Na simu imezimika
Wewe hutaki kushuka
Mgongo wanililia

Simu haikuwa imezimika bado, ilizima baadaye kidogo. Lakini nilipofika "mgongo wanililia" nikasimama katikati ya chumba maana nilikuwa nimesahau kabisa kuwa mimi ni mtu anayeandika. Wiki tisa sikuwa nimetunga hata sentensi moja. Na sasa hivi nina beti, imekaa, ina vina vyake, kila mstari mizani nane, yani silabi nane, na sikuishika kalamu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Mi naandika kwa kujitegemea, miaka tisa sasa. Natafsiri miongozo ya afya na kilimo, naandika skripti za michezo ya redio, hizo ndo zinalipa kodi, na pembeni naandika hadithi zangu mwenyewe ambazo hazilipi chochote ila ndizo zinanifanya niamke. Kabla ya mtoto nilikuwa na utaratibu ambao nilidhani ndio uandishi wenyewe: saa kumi alfajiri naamka, chai ya rangi, laptopu, mtaa wote wa huku Segerea kimya, hata jogoo wa jirani hajaanza, naandika mpaka saa kumi na mbili. Masaa mawili hayo nilikuwa nayalinda kuliko pesa. Mtu akinipigia simu muda huo sipokei. Nikiwa na mimba kila mwandishi mwenzangu niliyekutana naye alinipa pole kwanza halafu hongera, na mmoja aliniambia kabisa, dada, maliza hiyo kazi yako kabla hujajifungua maana baada ya hapo utakuja kuishika tena mtoto akiwa darasa la tatu. Sikumaliza. Ilibaki sura nne.

Na kwa sisi tusio na mwajiri hakuna cha likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa siku 84 zenye malipo, akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mpigo ni siku 100, akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Baba anapewa siku 3. Tatu. Mume wangu alitumia ya kwanza hospitali, ya pili kwenye foleni za makaratasi, ya tatu alilala kwenye kiti na viatu miguuni, ya nne yuko kiwandani. Namwonea huruma mpaka leo kwa zile siku, kwa sababu alikuwa anataka kumjua mtoto wake na alikuwa anamwona amelala tu. Mimi sheria hainigusi, mimi nina mteja aliyenitumia meseji siku ya kumi na mbili kuniuliza ile tafsiri nitaikabidhi lini, na alianza na "hongera sana mama".

Mama alikuja siku ya pili. Alishuka na ndoo yenye kifuniko, ndani yake pilipili manga ya kutwanga, mchele wa kienyeji, samli, na kuku wawili hai kwenye boksi lenye matundu. Nikawa mzazi. Kwetu ukishajifungua ndo cheo chako hicho, mzazi, na mzazi hafanyi kitu siku arobaini. Nakandwa maji ya moto asubuhi na jioni mpaka machozi yananitoka, nakunywa uji wa pilipili manga, nakula, nanyonyesha, nalala. Siku ya saba akika, mtoto akanyolewa, akapewa jina. Nilikuwa nimejipangia kwamba arobaini hiyo nitaandika, yani si nimekaa tu? Nilikuwa na daftari jipya chini ya mto. Jamani. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba kunyonyesha kunachukua kichwa pia. Unakaa pale, mtoto amekamata, mikono yote miwili imeshikwa, unapata wazo zuri kabisa, unalitazama, na baada ya dakika mbili limeondoka na hujui hata lilikuwa linahusu nini.

Nikajaribu voisi noti. Naiweka simu kwenye mto karibu na mdomo nabonyeza naongea. Ilikuwa njia nzuri nikafurahi, nikarekodi nyingi sana, thelathini na kitu, halafu nilipokuja kuzisikiliza karibu zote ni takataka, sentensi zinaanza haziishi, katikati namwambia mtoto "pole, pole mama, shika vizuri", na huku nyuma kinu kinatwangwa. Sikuzifuta. Sijui kwanini, labda kwa sababu ya zile sauti ndogondogo za kumeza za mtoto, zimo humo.

Siku ya arobaini na moja tulimsindikiza mama stendi ya Magufuli kule Mbezi apande basi. Alimshika mjukuu wake akamwambia, haya mke mwenzangu, nakuachia nyumba, mlee mama yako. Alivyopanda basi nililia kuliko siku niliyojifungua. Na nilivyorudi nyumbani ndo nikaanza kujua kumbe arobaini ilikuwa inabebwa na mtu.

Wiki ya sita, saba, nane, hizo sina cha kusimulia. Nilikuwa nahesabu pampasi zilizobaki na masaa. Mtoto analia kuanzia saa tano usiku kila siku, majirani wakasema ni chango, nesi akasema tumbo la kawaida litapita akifikisha miezi mitatu au minne, mama kwa simu akasema mpake mafuta ya nazi tumboni mkande taratibu. Vyote nilivifanya isipokuwa dawa za kunywa, maana nilishaambiwa maziwa ya mama tu mpaka miezi sita hata maji hapana, na hilo nililishika. Kuandika nilikuwa nimeshakuzika. Sio kwa uchungu, nilikuwa nimechoka mno hata kuumia, nilikuwa nafikiri tu kama mtu anavyofikiria nyumba aliyowahi kuishi.

Ndo ikaja ile usiku ya luku.

Nilitembea mpaka karibu na saa kumi. Beti ya kwanza niliirudia labda mara mia, naogopa isinitoke kwa sababu sikuwa na pa kuiandika, na kila nikiirudia mtoto anakuwa mzito zaidi mgongoni, unajua ule uzito wa mtoto anayesinzia, wa tofauti kabisa na uzito wa mtoto aliye macho. Halafu ya pili ikaja.

Kalamu iko mezani
Na wewe u mgongoni
Neno langu li kinywani
Lala lisije kimbia

Akalala. Neno halikukimbia. Asubuhi baba yake aliporudi akanunua umeme, feni ikazunguka, nikachukua kitu cha karibu kilichokuwa na karatasi tupu, ambacho kilikuwa kadi ya kliniki, nikaziandika zote mbili nyuma bila kusahau hata silabi. Mimi ambaye wiki nzima nilikuwa naingia jikoni sijui nimefuata nini.

Hiki kitu kilinisumbua siku kadhaa, kwa maana nzuri. Kwanini nathari inanitoka na hii haitoki? Nilisoma ushairi, najua kanuni za utenzi tangu sekondari: beti mistari minne, kila mmoja mizani nane, mitatu ya kwanza inafanana vina, wa nne una kina chake ambacho kinatembea kutoka beti ya kwanza mpaka ya mwisho. Niliikariri kwa ajili ya mtihani. Tulikuwa tunabishana bwenini kama sheria hizo zinambana mshairi au hazimbani, na mimi nilikuwa upande wa wanaosema zinambana, niliandika mpaka insha, zivunjwe tuwe huru. Hakuna mwalimu aliyewahi kutuambia, na labda hakuna aliyewahi kuwa na haja ya kujua, kwamba mstari wa mizani nane ni kipimo cha mtu ambaye mikono yake ina kazi. Ukikosea silabi moja mguu unakwambia. Kina kikikaa kinakuonyesha neno linalofuata. Huhitaji meza, huhitaji umeme, huhitaji masaa mawili ya alfajiri, unaenda nayo kisimani unarudi nayo na ndoo kichwani na haijamwagika. Mi nilikuwa nadhani ni pingu, kumbe ni mbeleko.

Nikarudi kwenye voisi noti zangu. Nilitaka kuona kama kulikuwa na kitu chochote humo cha kuokoa. Ilikuwa jioni, mtoto amelala kifuani, nimeweka simu sikioni sauti ya chini. Ya ishirini na mbili au ishirini na tatu, naongea mimi, naongea naongea kuhusu mhusika wangu ambaye hata sikumbuki alikuwa anataka nini, halafu nanyamaza, inaonekana nilisinzia simu ikaendelea kurekodi. Kimya. Kinu kinasimama. Mlango. Sauti ya mama inakaribia, anamchukua mtoto kwangu, na anaanza kumbembeleza, ile sauti yake ya puani anayoitumia akiwa anadhani hakuna anayesikia.

Baba kaenda kazini
Mama yake yu jikoni
Bibi yupo mkekani
Nani wa kumwangalia

Nikairudisha. Nikahesabu kwa vidole kwenye mgongo wa mtoto. Nane, nane, nane, nane. Na kina cha mwisho ni kilekile changu, -ia, ambacho nilidhani nimekichagua mimi.

Mimi jikoni sikuwepo, nilikuwa nimelala hapohapo, lakini jikoni kulihitajika ili vina vikae, akaniweka jikoni. Hicho ndicho mwandishi anafanya! Mama yangu aliishia darasa la saba. Ukimuuliza kama anatunga mashairi atakushangaa. Nikampigia, nikamwambia mama ule wimbo uliokuwa unambembelezea mtoto umeutoa wapi, akasema wimbo gani, nikamwimbia, akacheka, akasema "Nimeutoa wapi tena mwanangu, si nilikuwa namsemesha mtoto." Nikamwambia ana mizani nane kila mstari. Akasema "Mizani ya nini?" Halafu akaniuliza kama nimekula.

Nimekaa na hilo jibu muda mrefu. Si nilikuwa namsemesha mtoto. Ni wanawake wangapi wa Tanga, Mombasa, Lamu, Unguja wamemsemesha mtoto kwa vina kamili usiku kucha, kukikucha wakafua nepi, na hakuna aliyeandika nyuma ya kadi ya kliniki kwa sababu hata kadi haikuwepo? Maktaba nzima imepotea hivyo. Inaniuma kweli. Sisemi kila mstari ulikuwa dhahabu, wa kwangu pia sio, lakini kulikuwa na shule pale, na mimi nimepita ndani ya shule hiyo nikiwa mtoto mchanga mgongoni kwa mama bila kujua nafundishwa.

Kazi ya mmoja wao ilibaki, na nimeirudia kuisoma mwezi huu kwa macho mengine kabisa. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, kisiwa cha kule Lamu, mjane wa Bwana Mataka mtawala wa Siyu aliyepambana na masultani wa Zanzibar. Mwaka 1858 alitunga utenzi wa zaidi ya beti 100 kwa ajili ya binti yake. Chuoni tuliusoma kwa ajili ya ule ushauri kuhusu mume, namna ya kumtunza na kumtii, na mimi nilikasirika, niliandika pembeni ya kitabu kwa kalamu nyekundu. Sehemu hiyo sijabadilisha mawazo, sitamfundisha binti yangu vile. Lakini nilikuwa nimeuruka mwanzo wake jamani. Mwanzoni mwanamke huyu anasema maradhi yamemshika mwaka mzima na hajapata nafasi ya kumwambia mwanae neno jema, anamwambia njoo mbele ukae, njoo na wino na karatasi, moyoni nina jambo nataka kukwambia. Basi. Anaumwa, anajua muda ni mfupi, alikufa miaka michache tu baadaye, na anamwita mtoto wake aje na karatasi. Hakumwambia mtoto toka nje nina kazi ya kuandika. Mtoto ndio alikuwa sababu, na mtoto ndiye alitakiwa kuleta wino.

Niliisoma hiyo nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa uani, nguo zinaanikwa, nikaenda nikamtazama wa kwangu kwenye chandarua. Alikuwa amelala mikono juu kama mtu aliyeshangilia goli.

Sasa naandika hivi. Mchana nikiwa naye mgongoni nafua, naosha vyombo, natembea kwenda gengeni, natunga. Beti moja kwa siku, siku nyingine mstari mmoja, siku nyingine hakuna. Akilala naandika kilichobaki kichwani. Hata zile skripti za redio nimeanza kuzifanya hivyohivyo, naongea mazungumzo ya wahusika kwa sauti huku namenya ndizi, na naona yamekuwa mafupi zaidi na yanafanana zaidi na watu wanavyoongea. Hadithi yangu ya sura nne zilizobaki bado imebaki sura nne. Siwezi kusema uongo, ile ya saa kumi alfajiri naikumbuka sana, kuna kazi ambazo zinahitaji kimya na meza na mtu akae humo masaa, mizani nane haziwezi kubeba riwaya. Nitairudia. Mume wangu ameanza kumchukua Jumapili asubuhi, wanaenda wote kununua vitumbua, napata dakika arobaini, juzi niliandika aya mbili.

Wiki ya kumi na nne tulienda kliniki, chanjo ya penta ya tatu na ya mwisho, ile inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na ile nyingine ya homa ya uti wa mgongo. Kulikuwa na mvua, benchi limejaa, kina mama tumebanana na miamvuli inachuruzika chini. Kwanza kupima uzito. Mnaijua ile mizani ya kuning'iniza, mtoto anavalishwa kifuko chenye matundu mawili ya miguu, anatundikwa kwenye ndoano kama papai, miguu inacheza hewani, na wewe unasimama umenyoosha mikono chini yake bila hata kufikiria, kila mama anafanya hivyo. Mshale ukayumba ukatulia. Kilo sita na gramu mia. Nesi akaweka nukta kwenye mstari wa kijani. Nami nikarudi kwenye benchi mdomo unaenda wenyewe.

Mizani wamekupima
Wamesema u mzima
Mikono hadi mtima

Na wa nne haukuja. Nilikuwa nautafuta, nimeigeuza kadi naandika hiyo mitatu kwenye kona iliyobaki maana upande wa nyuma umeshajaa, na dada aliyekaa kushoto kwangu, ana mapacha, mmoja mbele mmoja nyuma, akawa ananitazama. Akaniuliza unaandika nini nyuma ya kadi ya watu, mama? Nikamwambia shairi la mtoto, nimekwama mstari wa mwisho. Akasema hebu soma. Nikasoma, sauti ya chini, lakini mvua ilikuwa imepungua na benchi zima likasikia. Akafikiri kidogo huku anambadilisha wa mbele titi.

"Na sindano utalia," akasema.

Benchi likacheka, bibi mmoja aliyeleta mjukuu akapiga makofi, na nesi akatoa kichwa mlangoni kuuliza kuna nini huko, akaita jina la binti yangu. Nikaandika haraka, mizani nane, kina chake -ia, nikasimama.

Alilia kweli.